Pishi Mbili Mjini Washington

Mwezi wa Oktoba 1918, homa kali ya mafua ilipoushukia mji wa Washington, uliokuwa umefurika watumishi wa serikali waliomiminika kwa ajili ya vita, wakuu wa mji, akiwamo Kamishna Louis Brownlow, waliamuru skuli, majumba ya michezo na makanisa yafungwe. Ofisi za serikali hazikufungwa, bali saa za kazi zilipishanishwa. Juu ya kasoro hiyo, makanisa yalitii. Tarehe 3 Novemba mchungaji Francis Grimké, aliyezaliwa utumwani mwaka 1850 na kuishi akipinga dhuluma, alihubiri katika kanisa lake la Fifteenth Street Presbyterian kwamba, ikiwa kuepuka msongamano kwapunguza hatari, basi wenye mamlaka hawakukosea, wala makanisa hayakukosea kuwatii.

Kanisa la Kibaptisti la Capitol Hill, lililoasisiwa mwaka 1878, laeleza kwamba tangu kuasisiwa kwake halikuacha ibada ya pamoja ila kwa majuma matatu ya mwaka ule wa mafua, mpaka ilipokuja korona. Kanisa hilohilo, Septemba 2020, likaushtaki mji na Meya Muriel Bowser.

Nini kiliwageuza watu watiifu kiasi hicho? Wafanyabiashara wa pwani yetu wajua aibu ya pishi mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, na amri ya karantini nayo ni pishi. Ibada ilipewa kikomo cha watu 100, hata uwanjani, hata kwa barakoa na masafa baina ya mtu na mtu. Lakini mwezi wa Juni maelfu walipoandamana kwa uchungu wa kuuawa kwa George Floyd, Mmarekani mweusi, mikononi mwa polisi, wakikivuka kikomo cha mikusanyiko, hawakuzuiwa, na meya mwenyewe alijitokeza kati yao. Kilio cha waandamanaji kilikuwa cha haki, nami siwalaumu hata kidogo. Lawama ni ya serikali iliyoiona pumzi ya hawa kuwa salama na ya wale kuwa sumu.

Wabaptisti hawakuivunja amri. Walivuka mto Potomac, wakasali uwanjani katika jimbo la Virginia, ambako sharia iliwaruhusu, hali wakingoja jawabu la mahakama. Tarehe 9 Oktoba 2020 jaji Trevor McFadden aliuzuia mji usiwakataze kusali nje, kwa barakoa na masafa, ndani ya Washington.