Kansas City Chiefs: mkimbizi, mrusha kisahani na kijana asiyejua kuogelea

Leo ni zamu ya historia, na nimechagua historia ambayo wengi hamuitegemei: wachezaji wa zamani wa timu moja ya mpira wa Kimarekani inayoitwa Kansas City Chiefs. Utaniuliza, sasa sisi inatuhusu nini? Soma mpaka mwisho, utaona inatuhusu, tena sana.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana huu sio mpira tunaocheza pale uwanjani jioni. Kila upande una watu 11, mpira umechongoka pande mbili kama yai, na unabebwa mikononi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Wakishindwa, wanawapa wenzao. Ukifikisha mpira mwisho wa uwanja unapata pointi 6. Mguu unatumika mara chache tu, kwa mfano kuupiga mpira upite katikati ya nguzo mbili, hapo unapata pointi 3. Basi, hayo yanatosha.

Timu hii ilianza kucheza mwaka 1960 huko Dallas, Texas, ikiitwa Dallas Texans. Mwenyewe alikuwa Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta. Alitaka timu kwenye ligi kubwa ya NFL, hakupewa. Akasema sawa, yeye na matajiri wenzake wakaanzisha ligi yao, AFL. Mwaka 1963 timu ikahamia Kansas City, jimbo la Missouri. Jina la Chiefs, maana yake machifu, lilitokana na meya wa mji, H. Roe Bartle, ambaye watu walimtania kwa jina la Chifu. Kwa hiyo hata timu yenyewe ni ya kuhamahama. Ilifika mji mgeni, ikapewa jina jipya, ikaanza maisha upya. Hiyo habari sisi tunaifahamu.

Walitafuta mahali ambapo wengine hawakutazama

Ligi mpya ina shida ya kupata wachezaji. Wale wakubwa wote wanataka kwenda ligi ya zamani. Sasa mjue kwamba kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na timu ya Washington ilikubali weusi mwaka 1962 tu. Vyuo vya watu weusi vilikuwa vimejaa vijana wenye uwezo, ila wengi hawakwenda kuvitazama kwa makini. Kansas City walikwenda.

Mwaka 1963, katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa AFL, jina la kwanza kabisa kuitwa lilikuwa Buck Buchanan kutoka chuo cha Grambling, Louisiana. Jitu la mita mbili. Kabla yake hakuna mchezaji wa chuo cha weusi aliyewahi kuitwa wa kwanza. Mwaka 1967 akaja Willie Lanier kutoka Morgan State. Yeye alisimama katikati ya ulinzi, nafasi ya kusoma mchezo na kuwapanga wenzake. Wazungu wengi walikuwa wanasema nafasi hiyo inataka akili na mtu mweusi haiwezi. Lanier alicheza hapo miaka mingi na leo jina lake liko kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Hakubishana na mtu, kazi yake ilijibu.

Aliyekuwa anawatafuta vijana hao ni Lloyd Wells, mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa moja kwa moja kama mtafuta vipaji katika mpira wa kulipwa Marekani. Kisa chake kimoja ni kama filamu. Mwaka 1964 kulikuwa na kijana anaitwa Otis Taylor, wa chuo cha Prairie View. Watu wa ligi ya zamani walimficha kwenye nyumba ya wageni karibu na Dallas ili asisaini kwingine. Wells akamfuata mpaka kule, akajifanya mwandishi wa habari, na usiku Taylor akatokea dirishani wakaondoka naye kwenda kupanda ndege. Miaka mitano baadaye Taylor huyo huyo ndiye alifunga katika fainali kubwa.

Fainali hiyo ilichezwa New Orleans tarehe 11 Januari 1970. Huo mji una historia yake. Januari 1965 wachezaji nyota wa AFL waliitwa New Orleans kwa mechi ya heshima. Wachezaji weusi 21 walipofika, teksi ziliwakataa na milango ya starehe ikafungwa usoni kwao. Wakakaa kikao, wakasema hatuchezi hapa. Buck Buchanan alikuwa mmoja wao, na Abner Haynes pia, nyota wa timu hii tangu enzi za Dallas. Mechi ikahamishwa kwenda Houston. Sasa fikiria, baada ya miaka mitano Buchanan anarudi mji ule ule na kutoka na ubingwa. Kansas City 23, Minnesota Vikings 7. Na wengi walikuwa wametabiri Minnesota.

Watatu waliotoka mbali

Katika mechi hiyo pointi 9 za mwanzo zilifungwa na mtu mmoja kwa mguu. Anaitwa Jan Stenerud, mzaliwa wa Norwei. Huyo hakwenda Marekani kwa ajili ya mpira. Alipelekwa chuo cha Montana State kwa ufadhili wa kuruka na ski, ule mchezo wa kwenye theluji. Siku moja alikuwa anakimbia kwenye ngazi za uwanja, mazoezi yake ya kawaida, akaona wenzake wanapiga mipira. Akajaribu kama alivyozoea kwao kwenye soka. Kocha wa basketi akamuona, akamwambia kocha wa mpira. Mwaka 1965 alipiga mpira wa yadi 59 ukapita katikati ya nguzo, rekodi ya wakati ule. Alicheza mpira wa kulipwa misimu 19, na mwaka 1991 akawa mtu wa kwanza kuingia Jumba la Heshima kwa kazi ya kupiga peke yake.

Wa pili ni Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, 1961. Yeye alikuwa mrusha kisahani. Alikwenda chuo cha Azusa Pacific huko California kwa ufadhili wa riadha. Mwaka 1984 Olimpiki ilikuwa Los Angeles, karibu kabisa na chuo chake, lakini Nigeria haikumuweka kwenye timu. Hebu jiweke hapo. Michezo ya dunia nzima inafanyika jirani na unapolala na jina lako halipo. Ndipo akajaribu mpira wa Kimarekani, akiwa na miaka 23, umri ambao wenzake walikuwa wameshaucheza tangu utoto. Alikuwa na kilo karibu 118 na anakimbia kama mtu mwembamba. Mwaka 1987 Kansas City wakamchukua. Mwaka 1989 alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,480, akaongoza ligi nzima. Walimpa jina la Jinamizi la Nigeria, maana kumzuia ilikuwa kama ndoto mbaya.

Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Tamba Hali. Alizaliwa Liberia mwaka 1983. Desemba 1989 vita ya Charles Taylor ikaanza, na eneo la Gbarnga alikokuwa familia yake likawa ngome ya waasi. Tamba alikuwa mtoto wa miaka sita. Walikimbia, wakajificha porini, wakavuka mpaka kwenda Kodivaa. Hapa sina haja ya kuwaeleza zaidi. Aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na mama yake anaijua hiyo hadithi bila kuisoma.

Baba yake, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu New Jersey, ndiye aliwafungulia njia. Mwaka 1994 Tamba akafika Marekani akiwa na miaka 10, shule amesoma kidogo sana kwa sababu ya vita. Mama yake hakuweza kwenda, alibaki. Kijana akaanza kujifunza kusoma, akaanza michezo, na mwanzoni alipenda basketi. Kocha wa sekondari akamvuta kwenye mpira, kisha chuo kikuu cha Penn State kikamchukua. Mwaka 2006 Kansas City wakamchagua akiwa wa 20 katika uchaguzi wote wa nchi. Mwaka huo huo akapata uraia, na mama yake akaingia Marekani. Miaka 12 mtoto na mama hawakuishi pamoja. Alicheza Kansas City peke yake mpaka mwisho, na kazi yake ilikuwa kumwangusha mrusha mpira wa wapinzani kabla hajarusha. Alifikisha 89.5. Hiyo nusu ni pale mnapomwangusha wawili, mnagawana.

Na yule ambaye hakurudi nyumbani

Kuna mwingine hawezi kusahaulika. Joe Delaney, mkimbiaji na mpira, jezi namba 37. Mwaka 1981, msimu wake wa kwanza, alikimbia yadi 1,121. Tarehe 29 Juni 1983 alikuwa kwenye bustani ya mapumziko mjini Monroe, Louisiana. Watoto watatu waliingia kwenye shimo la maji na wakaanza kuzama. Delaney hakujua kuogelea. Aliingia hivyo hivyo. Mtoto mmoja alipona, wawili walikufa, na Delaney naye akafa pale akiwa na miaka 24. Aliacha mke na mabinti watatu. Rais Ronald Reagan alimpa nishani, ila mwenyewe alikuwa kaburini. Mpaka leo timu haijampa mtu mwingine jezi namba 37.

Sisi tuliovuka ziwa tunajua maji hayana huruma. Kwa hiyo nikisoma kisa hiki siwazi yadi 1,121. Nawaza kwamba hakuwa na muda wa kupiga hesabu.

Sasa inatuhusu nini

Vijana, mnajua kuna watu wanapita wakisema, toa kiasi fulani nitakupeleka majaribio ya timu nje, nina kocha Ulaya, nina wakala Marekani. Wapo waliouza mgao wa familia. Wapo waliouza simu. Mpaka leo wanasubiri kupigiwa, na simu yenyewe hawana.

Angalieni hawa watatu. Stenerud aliingia kwa mlango wa chuo. Okoye aliingia kwa mlango wa chuo. Hali aliingia kwa mlango wa familia, baba aliyekuwa kule kihalali, halafu shule ndiyo iliyomfikisha uwanjani. Hakuna hata mmoja aliyeanza na kumpa mtu pesa ya majaribio. Kocha aliwakuta wakiwa wanafunzi tayari. Mpira ulikuja baadaye.

Lakini pia tusidanganyane upande wa pili. Watoto wa Liberia waliokimbia vita ile walikuwa maelfu na maelfu, na Tamba Hali ni mmoja. Nani anaweza kusema wengine hawakuwa na bidii? Walikosa baba aliye upande wa pili na karatasi mkononi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema jitume tu utafika, mkubalie nusu, kama ile nusu ya 89.5. Nusu nyingine ni mtu wa kukuona na mlango uliofunguka. Ndiyo sababu namheshimu Lloyd Wells kuliko hata wachezaji. Yeye alikwenda kutazama pale ambapo wengine walisema hakuna kitu.

Mambo ya kufanya ni haya. Kama una mzazi au ndugu wa damu nchi ya tatu, hakikisha majina na tarehe za kuzaliwa zinafanana kwenye faili lako na lake, maana herufi moja inaweza kukuchelewesha miaka. Kama uko sekondari, usiiache kwa ajili ya mtu anayeahidi majaribio. Na sisi wa kujitolea, tufanye kazi ya Wells. Kuna dada kwenye vijiji vya mwisho wa kambi anakimbia kuliko wavulana wote, na hakuna aliyeandika jina lake popote.

Timu ya Kansas City ilisubiri miaka 50 baada ya ule ubingwa wa New Orleans. Ilichukua tena Februari 2020, halafu 2023 na 2024. Vijana wa sasa wanamjua Patrick Mahomes tu. Sio vibaya. Lakini ndugu zetu waliochukuliwa na wakatua Missouri, siku wakiona watu wamevaa nyekundu barabarani, wajue kwamba jezi hiyo ilishavaliwa na mtoto wa mkimbizi, mwanafunzi mwenzetu, aliyefika akiwa hajui kitu kuhusu mchezo huo.

Jumamosi kwenye kikao cha kikundi tutajadili swali hili: katika safari ya Tamba Hali, ni hatua gani kijana wa kambini anaweza kuifanya mwenyewe, na ni hatua gani lazima mtu mwingine amfungulie? Kila mmoja aje na jibu lake.