Wachimbaji wa Matope wa Usukuma na Majina Waliyopewa

Katika elimu ya wanyama, spishi haihesabiwi kuwa imejulikana kwa sababu tu watu wanaoishi nayo wanaifahamu, wanaila au wanaiepuka. Huhesabiwa kuwa imejulikana pale mtaalamu anapochapisha maelezo ya umbo lake, akaipa jina la Kilatini lenye sehemu mbili, na kuhifadhi katika jumba la makumbusho mnyama mmoja halisi atakayebaki kuwa shahidi wa jina hilo. Kwa kipimo hicho, viumbe wanaochimba matope wamechelewa kuliko wengi, maana makao yao huwaficha, na msimu wa kuwapata mara nyingi si msimu ambao wageni walipenda kusafiri. Pwani ya Afrika Mashariki wachimbaji hao ni pamoja na kamba wa matope, krasteshia wenye miguu kumi ambao hutoboa njia za chini kwa chini katika matope ya mikoko na fukwe za kujaa na kupwa. Kamba hao ni wa maji ya chumvi na hawafiki bara. Katika Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na kupewa makao makuu Bariadi, kazi hiyo hufanywa na kaa wa maji baridi, ambao ni jamaa zao katika kundi lilelile la dekapoda, na pembeni yao samaki wa aina mbili walioizoea ardhi inayokauka. Historia ya majina ya viumbe hao inaonyesha jambo ambalo wasomaji wa vitabu vya wanyama hulisahau kwa urahisi, kwamba ramani ya spishi zilizotajwa huwa kwanza ni ramani ya njia za misafara, na ndipo baadaye sana huwa ramani ya wanyama wenyewe.

Ardhi inayohusika hapa ni ya namna ya pekee. Wasukuma tangu zamani waliigawa kwa majina yanayofuata mteremko: juu, karibu na vilima vya mawe, kuna udongo wa kichanga uitwao luseni, chini yake hufuata itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji kwa wepesi, na mabondeni kabisa kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kunata wakati wa mvua, kisha kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Majina hayo yaliingia katika maandiko ya maofisa wa kilimo wa enzi ya Waingereza, na wazo linalofanana nayo, la udongo unaopangika kama mnyororo kutoka kileleni hadi bondeni, ndilo ambalo Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alilipa jina la katena katika miaka ya 1930 na likaenea katika sayansi ya udongo duniani kote. Mwenye kuchimba shimo hawezi kuishi luseni, kwa kuwa mchanga huporomoka. Huishi kandokando ya mito na mabwawa, na katika mbuga, ambako mfinyanzi hushika umbo la tundu hata maji yakiondoka. Mto Simiyu na mwenzake Duma hupungua sana kiangazi hadi kubaki madimbwi, na kaa wa jenasi Potamonautes, ambao hupumua kwa matamvua yanayohitaji unyevu daima, huushinda ukame huo kwa kuteremka ndani ya tundu hadi yanakofika maji ya ardhini.

Utaratibu wa kutoa majina ulianza rasmi kwa kitabu cha Carl Linnaeus cha mwaka 1758, ambacho wataalamu wa wanyama wamekubaliana kukichukua kuwa mwanzo wa majina yote halali. Katika utaratibu huo mnyama yule mmoja anayebeba jina huitwa holotaipu, na mahali alipokamatwa huitwa makao ya holotaipu. Endapo siku za baadaye itabainika kwamba chini ya jina moja kuna spishi mbili au tatu zilizochanganywa, jina la awali litabaki kwa ile tu iliyo sawa na holotaipu, nazo nyingine zitahitaji majina mapya. Kwa hiyo lebo iliyofungwa kwenye mguu wa kaa ndani ya chupa ya spiriti ina uzito mkubwa: ikiandikwa mto na kijiji, mtaalamu wa vizazi vijavyo anaweza kurudi mahali palepale, ikiandikwa jina la ziwa lote, amebakiziwa eneo lisilo na mwisho.

Eneo la Simiyu liliingia katika maandishi ya Ulaya kwa njia ya maji. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliingiza mashua yake Lady Alice ziwani kutoka Kageyi, kwenye ghuba ambayo aliipa jina la John Hanning Speke, akapita mlango wa mto alioutaja kuwa Shimeeyu na kuutangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Mto Nile. Alikosea kuhusu chanzo, lakini jina la mto lilibaki katika ramani. Stanley hakuwa mkusanyaji wa wanyama, wala wengi waliomfuata hawakuwa hivyo kwanza. Walikuwa wapelelezi wa mipaka, maofisa na wawindaji ambao walibeba chupa za spiriti pamoja na bunduki na shanga, na misafara yao iliendeshwa kwa nguvu za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Mtu aliyejua tundu lipi lina kaa na lipi limehamwa, au bwawa lipi hukauka mwisho, alikuwa mwenyeji wa njia ile. Jina lake halikuandikwa kwenye lebo, na hilo ni pengo la haki katika kumbukumbu za sayansi ambalo halizibiki tena.

Chupa hizo zilisafirishwa hadi Berlin, na huko zilimkuta Franz Hilgendorf, mtu ambaye anastahili kujulikana zaidi na wasomaji wa Kiswahili kuliko anavyojulikana. Alizaliwa mwaka 1839, na akiwa kijana, mwaka 1866, alichapisha utafiti wa konokono wa kale wa Steinheim, Ujerumani, ambamo alichora jinsi umbo moja lilivyozaa jingine tabaka kwa tabaka, ikawa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa visukuku kuunga mkono nadharia ya Charles Darwin. Mwaka 1869 alieleza krasteshia waliokusanywa katika safari za Karl Klaus von der Decken, msafiri aliyekuwa ameuawa Bardera mwaka 1865, na hivyo kaa wa Unguja na pwani walipita mikononi mwake kabla ya wale wa bara. Baada ya kufundisha Tokyo kati ya 1873 na 1876 alirudi katika jumba la makumbusho la Berlin na kubaki huko hadi alipofariki mwaka 1904. Mwaka 1888 alichapisha maelezo ya samaki wa Ziwa Victoria waliokusanywa na Gustav Adolf Fischer, daktari aliyefika ziwani katika msafara wa 1885 na 1886 na kufariki Berlin muda mfupi baada ya kurejea. Katika maelezo hayo ndimo lilimozaliwa jina Haplochromis, ambalo baadaye lilitumika kwa mamia ya furu wa ziwa hilo. Mwaka 1891 alieleza Nothobranchius taeniopygus, samaki mdogo wa madimbwi ya msimu katika bara la Tanzania. Mwaka 1892 alimpa kaa mmoja wa maji baridi jina la emini, kwa heshima ya Emin Pasha, na mwaka 1898 alikusanya pamoja kila alichokijua kuhusu dekapoda wa nchi kavu na maji baridi wa Afrika Mashariki, akiongeza majina mapya kadhaa, likiwamo neumanni, la kumheshimu msafiri Oscar Neumann.

Ukisoma majina hayo kwa mfuatano, unasoma orodha ya viongozi wa misafara. Fischer, Emin na Neumann walipita katika njia zinazojulikana, na kaa waliotajwa ni wale waliokuwa jirani na kambi zao. Nchi ya Ntuzu, ambako Bariadi ilikuja kukua, pamoja na Itilima na Meatu, ilikuwa kando ya barabara kuu za misafara iliyoelekea Tabora, Mwanza na Bukoba. Uchache wa majina kutoka nyanda hizo haupaswi kusomwa kuwa ushahidi wa uchache wa wanyama.

Kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye hujizika matopeni, alipata jina kwa njia nyingine, na kisa chake kinaonyesha jinsi tope linavyowasumbua wenye kupanga wanyama katika makundi. Richard Owen alieleza kamongo wa Gambia mwaka 1839, Wilhelm Peters akamtaja yule wa Msumbiji kwa jina la amphibius mwaka 1844, na Johann Jakob Heckel akamtaja mwaka 1851 yule wa Nile, Protopterus aethiopicus, ambaye ndiye anayeishi pia Ziwa Victoria na vinamasi vyake. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama mnyama huyu ni samaki au ni wa jamii ya chura, kwa sababu anavuta hewa, na maji yakikauka hujikunja ndani ya tundu, hujifunika kwa ute unaokauka na kuwa ganda, na kubaki kimya hadi mvua irudi. Ubishi huo usingekuwa mrefu hivyo kama wabishi wangekaa kiangazi kimoja kando ya bwawa linalokauka.

Kwa kaa, karne ya ishirini ilianza kwa kazi kubwa ya Mmarekani Mary Rathbun, ambaye kati ya 1904 na 1906 alichapisha mapitio ya kaa wa maji baridi wa dunia. Mwaka 1955 Richard Bott wa Frankfurt alichapisha kitabu chake kuhusu kaa wa maji baridi wa Afrika na kuyaunganisha majina mengi, akiyashusha mengine kuwa spishi ndogo tu, hatua iliyorahisisha vitabu na kuwaficha wanyama. Kaa hawa hutofautiana kwa mambo madogo: mifereji ya gamba la mgongo, umbo la koleo, na zaidi ya yote jozi ya kwanza ya viungo vya kujamiiana vya dume, ambavyo hutazamwa kwa hadubini. Tena hawana viluwiluwi vinavyochukuliwa na mkondo. Jike hutaga mayai makubwa machache, huyabeba chini ya tumbo, na watoto hutoka wakiwa kaa kamili. Mnyama asiyesambaa kwa urahisi huelekea kuwa na spishi yake katika kila bonde, na kwa sababu hiyo Sadie Reed na Neil Cumberlidge, walipopitia upya kaa wa maji baridi wa Tanzania mwaka 2006, waliyarudisha majina kadhaa ambayo Bott alikuwa ameyazika.

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya makabatini tu anaweza kutazama historia ya usubi katika upande wa Kenya wa bonde la ziwa. Ugonjwa huo, unaopofusha macho, ulienezwa huko na nzi mdogo aitwaye Simulium neavei. P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walianza kumwangamiza katika mto wa Kodera, Nyanza, mwaka 1946 kwa kumwaga dawa ya DDT, hali mahali yalipoishi mabuu yake hapakujulikana. Mwaka 1950 E. C. C. van Someren na McMahon walionyesha kwamba mabuu hayo hujishikiza juu ya magamba ya kaa wa maji baridi na kusafiri nao mtoni. Tangu siku hiyo, kujua ni kaa yupi anaishi katika kijito kipi kukawa sehemu ya kazi ya afya ya umma.

Ndani ya ziwa lenyewe kuchelewa kwa majina kulileta hasara isiyorudishika. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu wa Mwanza, na kabla hawajamaliza, sangara waliopandikizwa ziwani miongo miwili iliyotangulia waliongezeka ghafla katika miaka ya 1980. Spishi nyingi zilitoweka zikiwa na majina ya muda ya daftarini tu. Uduvi wa ziwa, Caridina nilotica, walishamiri mahali pa furu waliokuwa wakila mabaki, wakawa chakula kikuu cha sangara wachanga.

Bara nako makao ya wachimbaji yalibadilika. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulichimba malambo mengi ya mifugo katika nyanda zilizokuwa hazina maji ya kudumu, na pamba ikapanuka hadi kuifanya Simiyu kuwa moyo wa zao hilo nchini, pamoja na dawa za kuulia wadudu zinazotiririka na mvua za kwanza kuelekea Ghuba ya Speke. Hata hivyo kazi ya kueleza spishi haijasimama. Mwaka 2014 samaki wa madimbwi ya mito ya Serengeti inayoingia Ziwa Victoria, ambaye mayai yake hungoja mvua ndani ya tope kavu, alipewa jina la Nothobranchius serengetiensis. Mmoja wa walioandika maelezo yake, Brian Watters, ni mwanajiolojia, naye ndiye aliyeeleza kwa kirefu kwamba samaki wa jenasi hiyo hufuata udongo wa mfinyanzi mweusi, yaani mbuga. Mwaka 2017 Cumberlidge na Paul Clark walieleza spishi tatu mpya za Potamonautes kutoka kusini mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Mto Simiyu hukusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 11,000, na kazi inayofuata katika vijito vyake ni ile ambayo misafara haikuifanya: kuwakusanya kaa dume waliokomaa kutoka kila bonde, mwishoni mwa mvua wakati matundu yangali wazi, na kuandika kwenye lebo jina la mto, jina la kijiji na jina la aliyeonyesha tundu.