Mafuta ya Mteremko

Nilisomeshwa na mlima. Baba alikuwa dereva wa malori, Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi, na kama madereva wengi wa enzi zake alipewa dizeli kwa hesabu: lita za kwenda hizi, lita za kurudi hizi. Kilichobaki kwenye tangi kilikuwa na wateja wake njiani. Basi kila penye mteremko baba alitoa gia, akaweka niutro, akaliachia lori lishuke lenyewe. Mlima Kitonga, ule wa kona kali upande wa Iringa, ndio ulikuwa benki yake. Ada yangu ya kidato cha kwanza na cha pili ilitoka hapo. Nilipofika cha tatu aliacha ghafla, hakusema kwa nini, na mama akaanza kuuza vitenge ili nisirudishwe nyumbani.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya gari. Ninaendesha Prius, mtumba wa Japani, toleo la pili lililoanza kutengenezwa 2003. Ni gari la haibridi: lina injini ya petroli, lina mota ya umeme, na lina betri ambayo huichaji popote ukutani, linajichaji lenyewe. Karibu na usukani kuna kitufe kimeandikwa EV. Ukikibonyeza, injini inanyamaza na gari linakwenda kwa betri tupu. Miezi ya mwanzo nilikiabudu kitufe kile. Nikitoka getini nabonyeza, foleni ya Kimara nabonyeza. Nilijiona natembea bure kabisa, wenzangu wanachoma pesa. Mwisho wa mwezi wa tatu nikapiga hesabu za sheli, nikalinganisha na za rafiki yangu mwenye gari la aina hiyohiyo, ambaye hata hakujua kitufe kile ni cha nini. La kwangu lilikuwa linakula zaidi.

Iliniuma. Nikaanza kusoma, na kama kawaida yangu nikaanzia nyuma sana kuliko ilivyohitajika.

Nyuma yenyewe ni mwaka 1900, Vienna. Ferdinand Porsche, kijana ambaye bado hajafikisha miaka 30, anafanya kazi kwa Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi. Ameshaunda gari la umeme lenye mota ndani ya magurudumu, lakini betri yake ina uzito wa zaidi ya kilo 400. Ni kama kubeba ng'ombe ili upate maziwa ya chai. Akaunda jingine, akaliita kwa Kilatini Semper Vivus, yaani hai daima. Humo aliweka injini mbili ndogo za petroli ambazo hazikugusa gurudumu lolote. Kazi yao ilikuwa kuzungusha jenereta tu, umeme uende kwenye mota na betri. Muda si mrefu Mbelgiji Henri Pieper akaja na wazo lililo karibu zaidi na gari langu: injini na mota zisaidiane, mzigo ukiwa mzito mota iongeze nguvu, mzigo ukiwa mwepesi injini ichaji betri. Aliomba hataza Marekani 1905, akaipata 1909. Kwa bahati mbaya yake mwaka mmoja kabla Henry Ford alikuwa ametoa Model T, na 1912 Cadillac ikaja na stata ya umeme, watu wakaacha kuvunjika mikono kwa kupiga hendeli. Petroli ikashinda. Ucheshi wa mambo ni kwamba kifaa cha umeme ndicho kilichosaidia kulizika gari la umeme.

Sasa wapenzi wa riwaya, hapa ndipo tunapokutana. Mnamjua Herman Wouk, mwandishi wa The Caine Mutiny. Alikuwa na mdogo wake, Victor, mhandisi wa umeme. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Victor Wouk na mwenzake Charlie Rosen walichukua Buick Skylark, gari la kawaida la Kimarekani, wakaling'oa injini, wakaweka injini ndogo ya Mazda, mota ya umeme na betri za risasi. Serikali ya Marekani ilikuwa na mpango wa kuhamasisha magari yasiyochafua hewa, na gari lao likapimwa 1974. Lilitoa moshi mchache sana na lilikula karibu nusu ya mafuta. Mpango ukafungwa hata hivyo. Fikiria ni wakati gani huo: dunia ndiyo kwanza imetikiswa na bei ya mafuta ya 1973, na jibu mojawapo limeegeshwa uani kwa serikali. Victor alifariki 2005, kwa hiyo aliwahi kuyaona magari ya haibridi yakiuzwa dukani. Sijui kaka mtu ambaye angeweza kuiandika hadithi ile vizuri kuliko yule aliyekuwa naye nyumbani, ila naona hakuwahi kupata mwisho wake mzuri.

Mwisho huo ulikuwa Japani. Mwaka 1993 Toyota walianzisha kazi walioipa jina la G21, na aliyewekwa kuiongoza, Takeshi Uchiyamada, hakuwa amewahi kuongoza uundaji wa gari jipya. Walitaka kwanza gari lipunguze mafuta kwa kiasi. Wakubwa wakasema hapana, umbali kwa kila lita uwe mara mbili. Gari la kwanza la majaribio, 1995, lilikataa kutembea kwa siku 49. Desemba 1997 Prius ikaanza kuuzwa.

Nilichotaka kujua ni walivyoifikiria betri. Hawakuifikiria kama tangi la pili. Waliifikiria kama kibubu. Gari la kawaida ukikanyaga breki, mwendo wote ulioulipia unageuka joto na kupotea hewani. Prius inazikusanya chenji hizo: mota inageuka jenereta, gari linapungua mwendo, umeme unaingia kibubuni, halafu unautumia kuondoka kwenye mataa. Ndiyo maana betri ya toleo langu ni ndogo ajabu, kama kilowati-saa 1.3. Lita moja ya petroli ina karibu 9. Hata ukikumbuka kwamba injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, betri nzima inafanya kazi ya chupa moja ya soda ya petroli, zaidi kidogo. Na hupewi yote. Kompyuta inailinda isishuke chini sana wala isijae kupita kiasi, ili idumu. Mkononi unabaki na nusu chupa.

Ukishaimaliza nusu chupa hiyo kwa kitufe, nani anairudisha? Petroli. Injini inazungusha jenereta, jenereta inajaza betri, betri inalisha mota, na kila mkono unaopokea unabaki na kidogo, kama mchango wa harusi unaopitia kwa watu wanne. Isitoshe, injini uliyoinyamazisha kwa nguvu inapoa, ikiwaka tena inachoma mafuta ya kujipasha. Nilikuwa najilipa mshahara kwa pesa yangu mwenyewe.

Prius zilizouzwa Marekani wakati huo hazikuwa na kitufe hicho kabisa, na wenye magari walipogundua kwamba nyaya zake zimo ndani wakajifungia vya kwao. Lakini waliokuwa hodari kweli hawakukitegemea. Agosti 2005, Pittsburgh, madereva kadhaa walipokezana Prius moja na kupata zaidi ya maili 100 kwa galoni, yaani zaidi ya kilomita 42 kwa lita. Walikanyaga mafuta kidogo kwa injini, wakaachia, gari likateleza, injini imezima na betri haitoi wala haipokei. Uchezaji huu Wamarekani waliupa kitenzi chake, hypermile, na 2008 kamusi ya New Oxford American ikakiteua kuwa neno la mwaka. Niliposoma maelezo yake nilicheka peke yangu. Niutro! Ya baba ile ile, ila hii imepewa kamusi.

Desemba iliyopita nilimchukua baba Iringa kumleta Dar. Tulipoanza kuteremka Kitonga nikaondoa mguu. Kimya.

"Umezima gari?" Mkono wake ulikuwa tayari umeshika dashibodi.

"Limezima lenyewe, baba. Halina shida."

Hakuniamini. Vile vijiti vya betri kwenye skrini vikapanda haraka, vikawa kijani, vikajaa. Mlima ni mkubwa, kibubu ni kidogo. Na hapo injini ikanguruma. Nikamweleza kwamba haichomi mafuta, betri imeshiba, sasa magurudumu yanaizungusha injini ili itushike.

"Kumbe limejirudishia gia," akasema. Akaachia dashibodi. Kona mbili mbele akanyoosha kidole kwenye kingo ya barabara. "Hapa ndipo utingo wangu aliruka. Breki zilishika moto, nilikuwa nimetoa gia. Mguu ule haukupona mpaka leo."

Nikamuuliza huyo utingo yuko wapi. Akasema Makambako, ana duka, na kila mwaka humpelekea chochote. Ruaha Mbuyuni aliniambia nisimame, akanunua vitunguu magunia mawili, akauliza kama gari lile litaweza kuvibeba.