Lebo za tahadhari za Chile

Lebo za tahadhari za Chile ni alama nyeusi za pembe nane zinazowekwa mbele ya pakiti za vyakula vya viwandani vinavyozidi viwango vya sukari, sodiamu, mafuta yanayoganda au kalori. Sheria inayoziagiza, Na. 20.606, ilipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutekelezwa Juni 2016. Viwango vyake vikakazwa mwaka 2018 na 2019. Bidhaa moja yaweza kubeba hata alama nne.

Nguvu ya lebo hizi ni wepesi wa kusomeka. Jedwali la virutubishi nyuma ya pakiti hudai hesabu na muda, na mzazi aliye dukani na mtoto mgongoni hana nafasi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa ununuzi wa vinywaji vilivyozidi viwango ulishuka kwa takriban asilimia 24. Si haki kuipa lebo sifa yote, kwani sheria hiyohiyo ilipiga marufuku kuuza vyakula hivyo shuleni na kuvitangaza kwa watoto wa chini ya miaka 14. Viwanda navyo vilipunguza sukari na chumvi katika bidhaa nyingi ili kukwepa alama. Peru, Uruguay na Meksiko zimefuata mfano huo.