Kipimo cha Milan: Historia ya Kutabiri Uhai Baada ya Kupandikizwa Ini

Julai 1967, mjini Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alimpandikizia ini mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu mwenye saratani ya ini. Waliomtangulia, tangu jaribio la kwanza la 1963, walifariki katika wiki chache. Yeye aliishi zaidi ya mwaka mmoja, ndipo saratani ileile ikamrudia. Hivyo tiba hii ilipata mafanikio yake ya kwanza pamoja na swali lake gumu: nani atapona, na nani ugonjwa utamrudia?

Miaka ya 1980, dawa ya siklosporini iliuzuia mwili kulikataa ini la mtu mwingine, na wengi wakaanza kuishi. Wenye saratani walibaki nyuma. Wengi walipandikizwa wakiwa na madonge makubwa, seli za saratani zimekwisha kusambaa kwa njia ya damu. Nazo dawa za kutuliza kinga ziliziachia nafasi ya kukua. Kwa kuwa maini yanayotolewa ni machache kuliko wanaoyasubiri, madaktari wengi waliona afadhali apewe mgonjwa asiye na saratani.

Mwaka 1996, Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliochaguliwa kwa uangalifu. Sharti lilikuwa donge moja lisilozidi sentimita 5, au madonge yasiyozidi matatu, kila moja si zaidi ya sentimita 3, na saratani isiwe imeingia kwenye mishipa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baada ya miaka minne, asilimia 75 walikuwa hai. Waliokuwa wakikataliwa wakapata hoja ya kupokelewa, na vigezo vya Milan vikaenea duniani.

Lakini mpaka huo uliwaacha nje watu ambao wangeweza kupona. Mwaka 2001, madaktari wa San Francisco waliruhusu donge moja la hadi sentimita 6.5. Mwaka 2009, Mazzaferro alirudi na takwimu za wagonjwa zaidi ya 1,500 kutoka vituo vingi, akaonyesha kuwa uhai hupungua kidogo kidogo kadiri ukubwa na idadi ya madonge vinavyoongezeka. Mwaka 2012, watafiti wa Ufaransa waliongeza kipimo cha damu cha alfafetoprotini, protini ambayo wingi wake huashiria ukali wa saratani. Donge dogo lenye seli kali laweza kuua upesi kuliko kubwa lililotulia.

Tarakimu hizi hueleza hatima ya kundi. Hazimhukumu mtu mmoja. Thamani yake ni haki: aliyenyimwa ini aelezwe sababu, na sababu hiyo ipimwe upya kila ushahidi unapoongezeka. Historia ya vigezo vya Milan yathibitisha kwamba kusahihishwa hakukuvivunjia heshima. Kuliwaongezea wagonjwa nafasi ya kuishi.