Neno la jamaa mbele ya munganga wa akili: linaaminika mpaka wapi?

Mutu akichanganyikiwa huko Lwiro, teritware ya Kabare, mara nyingi si yeye anayeeleza ugonjwa wake. Ni mama, bibi, kaka ao jirani aliyemusindikiza, iwe ku kituo cha afya, iwe ku SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bukavu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia. Munganga anategemea kile anachokiona na kile anachoambiwa. Kwa hiyo neno la jamaa linaweza kumupa mutu dawa za miezi mingi, ao kumurudisha nyumbani bila dawa.

Linaaminika wapi?

Mwaka wa 1977, munganga Nancy Andreasen na wenzake wa Marekani walitoa kanuni za kuuliza ndugu juu ya mugonjwa. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha kama ndugu wakisema "alikuwa mugonjwa", mara nyingi ni kweli. Wakisema "hakuwa na kitu", hapo ndipo wanakosea zaidi.

Sababu ni hii: jamaa inaona kinachotoka inje, kama vile kukosa usingizi, kusema peke yake, kupiga watu, kunywa kanyanga kupita kipimo. Lakini woga, sauti anazosikia peke yake ao wazo la kujiua, mugonjwa anaweza kuvificha hata kwa yule wanayelala naye.

Linaharibika wapi?

Haya inaweza kufanya kifafa cha binti anayekaribia kuolewa kifichwe. Ugomvi wa shamba unaweza kufanya mujane aitwe mwenye wazimu. Na jamaa iliyokwisha kuamua kama ni kulogwa inasahau kutaja homa iliyotangulia. Kumbe malaria ikipanda ku kichwa inachanganya mutu, na inaua isipotibiwa haraka.

Namna ya kusaidia

Museme mulichokiona, si jina la ugonjwa: "hajalala siku tatu", si "ana pepo". Mutaje siku mambo yalianza, homa, kuanguka, pombe, dawa zote hata za kienyeji, na siku alizopitisha ku chumba cha maombi. Aende na mutu wanayekaa naye nyumba moja. Wakiwa wawili, kila mumoja aulizwe pembeni.

Kisha mugonjwa aachiwe nafasi ya kusema peke yake na munganga. Akipata nafuu, aulizwe tena: jina la ugonjwa lililoandikwa siku ya kwanza linaweza kubadilishwa.