Sayansi katika Shule za Mara: Kutoka Mwisenge hadi Maabara za Kata

Masomo ambayo siku hizi hukusanywa chini ya kifupisho cha STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaliingia katika shule za Mara muda mrefu kabla kifupisho hicho hakijabuniwa, wala hayakuingia kwa pamoja. Hisabati ilitangulia, kwa kuwa kila aliyefundishwa kusoma na kuandika alifundishwa pia kuhesabu. Sayansi ikafuata kwa jina la kilimo na usafi. Ufundi ukawekwa katika shule chache za pekee. Na teknolojia ikabaki kwa miaka mingi kuwa jambo la viwandani na migodini, si la darasani. Ukifuatilia habari za Musoma, Bunda na Butiama kwa kipindi cha takriban karne moja, jambo moja hujirudia: uamuzi na jengo vilitangulia, na mwalimu mwenye ujuzi wa kutumia jengo hilo akaja nyuma, akiwa amechelewa, au hakuja kabisa.

Misheni ya Nyegina, jirani na Musoma, ilifunguliwa na mapadri wa White Fathers mwaka 1911, na Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934 kabla ya kusambaa hadi Bukiroba. Shule za misheni za wakati huo zilikuwa kwanza mahali pa kuandaa waumini. Upande wa serikali ya Kiingereza, mwelekeo ulitokana kwa sehemu kubwa na Tume ya Phelps-Stokes, ujumbe wa kielimu uliozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamanishwe na kilimo, afya na kazi za mikono. Pendekezo hilo halikuwa baya kwa maneno yake, lakini katika utekelezaji sayansi ya mtoto wa Kiafrika iliishia kwenye bustani ya shule, ukaguzi wa kucha na mafunzo ya kuchimba choo. Wakati huohuo, migodi ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba ilikuwa ikisaga mawe kwa mashine katika nchi ileile, huku kazi za uhandisi na upimaji zikishikwa na wageni na wenyeji wakiajiriwa hasa kama vibarua. Shule na mgodi vilikuwa majirani wasiotembeleana.

Mwanafunzi mashuhuri zaidi wa zama hizo, Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki na baadaye Rais wa kwanza wa nchi, alianza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akaenda Tabora mwaka 1937, na baadaye akasomea ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945. Husahaulika kwamba aliporudi kufundisha St. Mary's, Tabora, baiolojia ilikuwa miongoni mwa masomo yake, na kwamba alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia kabla ya kujiunga na kitivo cha sanaa. Kumbukumbu hiyo ina uzito wake, kwa sababu uamuzi uliobadilisha shule za nchi nzima mwaka 1974, ambao ulichukuliwa mjini Musoma, uliongozwa na mtu aliyewahi kusimama na chaki mbele ya darasa la sayansi.

Msingi wa uamuzi huo ulikuwa waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, ambao ulilaumu shule za kikoloni kwa kumtenga kijana na kazi za jamii yake na ukaelekeza kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kupitisha kile kilichokuja kuitwa Azimio la Musoma, lenye mambo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana zaidi kwa herufi za UPE, ifikiwe ifikapo Novemba 1977 badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. La pili lilikuwa kwamba masomo yafungamane na kazi, na kwamba anayehitimu kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apitie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya chama na ya mahali pake pa kazi.

Kwa idadi ya watoto darasani, Azimio lilifanikiwa kwa kiwango ambacho nchi chache za Afrika zilikifikia wakati huo, na mtu atakayelipima kwa kigezo cha maabara peke yake atakuwa hakulitendea haki. Hata hivyo, sayansi ililipa gharama yake. Walimu wa kutosheleza madarasa hayo hawakuwapo, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa papo kwa hapo, wakifundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu nyingine kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa usimamizi wa wakufunzi waliopita vijijini. Wengi wao walijituma kupita kiasi, ila mwalimu ambaye mwenyewe hakuwahi kuona darubini hakuweza kufundisha chembehai kwa njia nyingine isipokuwa kunakilisha maelezo ubaoni. Shamba la shule, ambalo huko Bunda lingeweza kuwa maabara nzuri ya pamba, ya kupima nafasi kati ya mche na mche, kulinganisha tuta lenye samadi na lisilo nayo na kuhesabu wadudu waharibifu, mara nyingi liligeuka kuwa chanzo cha mapato, na jembe likashikwa kama adhabu. Hapo ndipo fursa kubwa kuliko zote ilipopotea, na ilipotea kwa kukosa mwalimu wa kuligeuza shamba kuwa swali, si kwa kukosa fedha.

Kwa upande wa chuo kikuu, sharti la kufanya kazi kwanza liliumiza zaidi fani ambazo nchi ilizihitaji. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwaka 1973 tu, na wanafunzi wa sayansi waliokwisha kuajiriwa au kuolewa hawakurudi kwa idadi iliyotarajiwa. Sharti lililegezwa kwanza kwa wasichana, na baadaye kwa fani za sayansi na uhandisi.

Ufundi nao ulikuwa na njia yake. Musoma ilipata shule ya sekondari ya ufundi, moja kati ya chache za serikali pamoja na Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Mtwara na Bwiru, ambako mwanafunzi alijifunza michoro ya kihandisi, umeme na ujenzi sambamba na fizikia. Shule moja kwa mkoa mzima haikuweza kuulisha hata mji wenyewe.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yaliletwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004 na kuzaa shule za kata, yaani sekondari za kutwa zilizojengwa na wananchi katika kila kata. Shule hizi zilifungua mlango kwa watoto ambao miaka 10 kabla wangeishia darasa la saba, lakini nyingi zilianza bila chumba hata kimoja cha maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Ukomo uliowekwa ulikuwa Novemba 2014, kisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Michango ilikusanywa kaya kwa kaya, mawe na mchanga vikasombwa kwa nguvukazi ya wanakijiji, na maneno “maboma ya maabara”, yaani kuta zilizosimama bila paa, yakazoeleka katika taarifa za halmashauri. Katika jimbo la Musoma Vijijini, lenye kata 21 na vijiji 68, kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi baada ya ukomo huo, ikihimizwa na Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia aliyekuwa mbunge wake kuanzia 2015.

Ili kuelewa kwa nini kuta hazitoshi, inafaa kutazama zoezi moja la kemia ya kidato cha nne. Mwanafunzi huvuta besi kwa pipeti, sentimita za ujazo 20 au 25, akaimimina katika chupa ya koniko na kuongeza matone mawili au matatu ya methili oranji, ambayo ni kiashiria, yaani kemikali inayobadilika rangi kulingana na asidi. Kisha hufungua koki ya bureti na kuiachia asidi tone kwa tone, akitikisa chupa kwa mkono mwingine, mpaka njano igeuke kuwa chungwa. Tone likizidi, rangi huwa nyekundu na kipimo huharibika. Zoezi hurudiwa mpaka majibu yakaribiane. Mkono hauzoei koki kwa kusoma maelezo, na kwa miaka mingi watahiniwa wa shule zisizo na vifaa waliruhusiwa kufanya mtihani mbadala wa vitendo, ambao uliwataka waeleze kwenye karatasi kile ambacho hawakuwahi kukifanya. Aidha, kabla mwanafunzi hajashika pipeti, lazima awepo mtu wa kupima kemikali, kuandaa myeyusho wa ukolezi sahihi na kuosha vyombo baadaye. Mtu huyo huitwa fundi sanifu maabara, na asipokuwapo kazi yote humwangukia mwalimu mwenye vipindi vya kidato cha kwanza hadi cha nne.

Jitihada za kumpata mwalimu huyo hazikukosekana. Stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi ilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2014, lakini Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo waliamriwa kuondoka chuoni. Miaka ya karibuni serikali imejenga shule za wasichana za bweni zenye mkazo wa sayansi, moja kwa kila mkoa, ya Mara ikiwekwa wilayani Bunda, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi ndani ya sekondari ya kawaida, wazo ambalo wajumbe wa mwaka 1974 wasingelishangaa. Butiama imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, ambacho kimo katika mradi wa kuimarisha elimu ya juu uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Sehemu ya wanafunzi wake itatoka katika sekondari za kata za palepale Mara, ambazo hutegemea ruzuku ya serikali kununua asidi, bureti na mahitaji mengine ya uendeshaji.